Mwalimu asijenge ploti kwa hesabu ya vyumba vilivyojaa

Ni nadra siku hizi kuingia katika majilisi ya walimu humu nchini usikute mazungumzo yanahusu ploti. Huyu amenunua kiwanja karibu na chuo kikuu, yule ameweka msingi, na mwingine amebakisha kupaka rangi tu ili wapangaji waingie. Sababu haifichiki. Mshahara wa mwalimu haupandi kwa kasi ya bei za bidhaa, umri wa kustaafu ni miaka 60, na wale waliokwisha kustaafu wanajua jinsi pensheni inavyoweza kuchelewa. Kodi ya nyumba, kwa upande wake, huonekana kama mshahara wa pili ambao haumhitaji mtu kurauka alfajiri wala kusahihisha madaftari.

Mimi sina ugomvi na ndoto hiyo. Nchi hii ina uhaba wa nyumba za kupangisha zenye staha, na wengi wa wanaoliziba pengo hilo si makampuni makubwa bali ni watu wa mapato ya wastani: walimu, wauguzi, maafisa wa polisi na wafanyabiashara wa sokoni. Ninachokipinga ni ile imani kwamba nyumba ikishaezekwa hujilisha yenyewe na kumlisha mwenyewe. Kupangisha nyumba ni kazi, tena kazi yenye hesabu na sheria zake. Wengi wa wanaoumia huwa wamekwisha kuumia kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kwa sababu walipiga hesabu ya vyumba vilivyojaa. Na kwa kuwa ukurasa huu husomwa na walimu pamoja na wanafunzi, yaani mwenye nyumba na mpangaji wake wameketi mbele ya gazeti moja, nitasema na wote wawili.

Tuchukue mfano. Mwalimu ana kiwanja tayari, karibu na chuo. Anachukua mkopo wa shilingi milioni 3 kutoka kwa chama cha ushirika cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, aulipe kwa miezi 72. Anakusudia kujenga vyumba 10 na kudai shilingi 6,000 kwa kila chumba. Usiku wa kuamkia siku ya kutia sahihi anatwaa karatasi na kuandika: vyumba 10 mara 6,000 ni 60,000. Mkopo utamtoka kwa kiasi cha shilingi 58,650 kila mwezi. Anatabasamu. Mkopo, anawaza, utajilipa wenyewe, na baada ya miaka 6 ploti itakuwa yake bila deni.

Hebu sasa hesabu hiyo ifanywe upya kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi wa chuo hakai chumbani mwaka mzima. Muhula ukimalizika hufunga virago akaenda kwao, na si wote wanaokubali kulipia chumba wasichokilalia. Tukadirie kwa wema kwamba kila chumba kitakaa kitupu miezi 2 kati ya 12. Mapato ya mwaka hayawi tena shilingi 720,000 bali 600,000. Ushuru wa mapato ya kodi ya nyumba za kuishi, ambao tangu Januari 1, 2024 ni asilimia 7.5, utachukua 45,000. Msimamizi wa ploti, akilipwa 8,000 kwa mwezi, atachukua 96,000. Maji, uzoaji wa taka na taa za nje, tuseme 4,000 kwa mwezi, ni 48,000 kwa mwaka. Kisha kuna mabomba yanayopasuka, vitasa vinavyovunjika, rangi ya kupaka kila mpangaji anapohama na shimo la maji taka linalohitaji kunyonywa. Mwenye busara huyatengea mambo hayo kodi ya mwezi mmoja mzima, yaani 60,000. Toa yote hayo. Kinachobaki ni shilingi 351,000 kwa mwaka, ambazo ni 29,250 kwa mwezi.

Mkopo bado unadai 58,650. Pengo ni shilingi 29,400 kila mwezi, kwa miaka 6, na pengo hilo halina pa kuzibiwa ila katika mshahara. Ikumbukwe kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato ya mshahara kupita thuluthi mbili, kwa hivyo mwalimu ambaye tayari anakatwa mikopo mingine huenda akajikuta anaishi kwa thuluthi iliyosalia huku mtoto wake akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Ploti ipo, imesimama, majirani wanaitazama na kumwita tajiri. Nimewaona walimu wa namna hiyo, na aghalabu huuza ploti yenyewe katika mwaka wa tatu au wa nne, kwa bei ya mtu aliye na haraka.

Lau mwalimu huyo angesubiri, akaweka akiba ya nusu ya gharama na kukopa shilingi milioni 1.5 peke yake, malipo ya kila mwezi yangekuwa kama 29,325. Kwa mapato yale yale ya 29,250 angepungukiwa na shilingi 75 tu. Mfano huu ni wa kukisia na kila mtu atatia tarakimu za mahali pake, lakini unaonyesha jambo ambalo maafisa wa mikopo hawana haraka ya kulitaja: katika ploti ndogo, kinachoamua kama utalala usingizi si ukubwa wa kodi bali ni ukubwa wa deni. Asiyeweza kungoja hadi apate nusu, na ajenge vyumba 5 kwanza. Msingi wa vyumba 10 unaweza kuchimbwa leo na nusu yake ikaezekwa baada ya miaka 3.

Kabla ya kujenga popote, namshauri mwekezaji afanye uchunguzi ambao haugharimu chochote. Aende katika mtaa anaoutaka saa mbili za usiku, siku ya kawaida, katikati ya muhula, kisha arudi tena wakati wa likizo. Ahesabu madirisha yenye taa katika ploti za jirani, ahesabu na yale yenye giza. Awaulize wapangaji, si wenye nyumba wala maajenti, maji hutoka siku ngapi kwa juma. Swali la maji ndilo la kwanza, kwa sababu mpangaji atavumilia chumba kidogo na hata barabara ya matope, ila hatavumilia kununua mitungi kila siku huku akilipa kodi kamili. Tangi kubwa lililowekwa mapema huleta faida kuliko vigae vinavyong'aa.

Na asiyaegemeze maisha yake yote kwenye aina moja ya mpangaji. Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mitaa ya wanafunzi kama ile iliyo karibu na vyuo vya Juja, Njoro na Maseno ilibaki mahame kwa miezi mingi. Wanafunzi waliondoka kwa haraka wakaacha magodoro na vitabu nyuma ya kufuli, na hapo ndipo mzozo ulipoanza: je, chumba kilichofungiwa godoro kinadaiwa kodi? Palipokuwa na maandishi, jibu lilipatikana. Palipokuwa na maneno ya mdomo tu, palibaki na chuki. Ploti iliyo na wanafunzi pamoja na wafanyakazi wa mji, wauguzi wa kituo cha afya, vijana wa bodaboda na walimu wa shule ya kutwa, haifi yote siku moja.

Kuhusu ardhi nitasema machache, ingawa msiba wake ni mkubwa kuliko wote. Hatimiliki peke yake haitoshi tena kumpa mtu usingizi. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika shauri la kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba mwenye hati hawezi kujificha nyuma ya karatasi yake ikiwa ardhi yenyewe ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa lugha nyepesi, mnunuzi anatakiwa kujua historia ya kiwanja tangu kilipotoka mikononi mwa umma hadi kilipomfikia anayemuuzia. Waliobomolewa nyumba Syokimau mnamo Novemba 2011, na wale wa ardhi ya kiwanda cha saruji cha East African Portland kule Athi River mnamo Oktoba 2023, hawakuwa wavamizi wa usiku mmoja. Wengi wao walilipia viwanja, wakapewa karatasi, wakajenga mchana kweupe. Kwa hivyo mtu asitosheke na nakala aliyoonyeshwa na muuzaji. Aende mwenyewe katika afisi ya msajili wa ardhi, amlipe saveya amwonyeshe mawe ya mipaka, na awaulize wazee wa mahali hapo ardhi hiyo ilikuwa ya nani zamani. Huko pwani kuna tahadhari ya ziada, kwani katika mitaa ya kale ya Mombasa mtu anaweza kuuziwa nyumba asiuziwe ardhi iliyo chini yake. Utaratibu huo ni wa tangu jadi na hauna hila ndani yake, lakini mgeni anayedhani amenunua vyote viwili atashangaa siku mwenye ardhi atakapobisha hodi.

Kisha kuna ujenzi wenyewe. Usiku wa Aprili 29, 2016 jengo la ghorofa 6 liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, mvua kubwa ikinyesha, na zaidi ya watu 45 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa wapangaji waliolipa kodi yao bila kukawia. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali iliwaamuru watu waliokuwa wakiishi kandokando ya mito wahame, na matingatinga yakapita Mathare na Mukuru. Kanuni za maji zinataka kingo za mto ziachwe wazi kwa kiasi cha kati ya mita 6 na mita 30 kutoka pale maji yanapofikia yakifurika. Kiwanja cha bei rahisi kilicho karibu na mto, basi, kina sababu ya kuwa rahisi. Kibali cha kaunti kitafutwe kabla ya ujenzi. Mjenzi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Na aliyeomba kibali cha ghorofa 2 asiongeze ya 3 kwa sababu tu fundi amemwambia nguzo zitahimili.

Hapa sina budi kuwageukia walimu hasa. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa mwaka 2008 unakataza vyuma kwenye madirisha ya mabweni, na kila mwalimu aliyewahi kuwa zamu anajua ni kwa nini. Tumewazika watoto wengi walioteketea nyuma ya milango iliyofungwa. Mbona basi mwalimu huyo huyo, akijenga vyumba vya kuwapangisha wanafunzi wa chuo, huweka vyuma kila dirishani na mlango mmoja mwembamba wa kutokea kwenye ploti yenye watu 40? Atajibu kwamba anaogopa wezi. Wezi wapo, sikatai. Lakini vyuma vinavyofunguka kutoka ndani vipo vilevile, na mlango wa pili wa ploti hugharimu pesa chache kuliko kuishi na kumbukumbu ya moto.

Tuingie sasa katika uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji, ambao ndio huleta kelele nyingi. Wengi hudhani kwamba pasipokuwa na mkataba wa maandishi hapana sheria. Sivyo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mpangaji anayelipa kodi kwa mwezi anahesabiwa kuwa na upangaji wa mwezi hadi mwezi, na ilani ya kumwondoa, au ya yeye kuondoka, haipaswi kupungua mwezi mmoja. Sheria iyo hiyo inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu maadamu analipa na kutimiza masharti, na palipo na ploti ya wapangaji wengi, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote ni jukumu la mwenye nyumba kuzitengeneza. Kwa hivyo anayemwambia mpangaji, "Paa linavuja? Nunua bati," anajitwika kosa. Iko pia Sheria ya Kudhibiti Kodi, sura ya 296, inayowalinda wapangaji ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na jopo lake la kusikiza mizozo. Kiwango hicho kimeachwa nyuma na wakati, lakini katika vyumba vya mabati vya miji midogo wapangaji wa namna hiyo hawajakwisha. Duka na hoteli zina sheria yake nyingine, sura ya 301, ambayo inadai ilani isiyopungua miezi 2 na fomu maalumu. Mwenye nyumba aliye na duka mbele na vyumba nyuma anaishi chini ya sheria zaidi ya moja katika kiwanja kimoja.

Jambo lisilokubalika katika sheria zote hizo ni kujichukulia hatua mkononi. Kufunga mlango wa mpangaji kwa kufuli la pili, kung'oa mlango, kuezua mabati au kukata stima ili mtu ashindwe kukaa, hayo yote huonekana kama njia ya mkato, na kwa kweli huwa ni njia ya kumpa mdaiwa wako haki ya kukushtaki. Aliyekuwa na deni la shilingi 12,000 anageuka kuwa mlalamishi aliyepoteza kompyuta, nguo na vyeti, na mwenye nyumba hana namna ya kuthibitisha ni nini kilichokuwamo chumbani. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, sura ya 293, ipo, na hutekelezwa kupitia kwa dalali aliyeidhinishwa, si kupitia kwa vijana wa mtaani waliopewa pesa za chai. Hata hivyo, dalali ni dawa ya mwisho. Dawa ya kwanza ni kutoliacha deni likafikia miezi 3. Mwanafunzi anayengojea fedha za mkopo wa elimu ya juu hana mshahara wa kila mwisho wa mwezi, na kumdai kila tarehe 5 kana kwamba anao ni kujitafutia ugomvi. Afadhali wakubaliane tangu mwanzo: kodi ya muhula ilipwe kwa awamu mbili, tarehe ziandikwe, na jina la mzazi au mlezi liwekwe pamoja na sahihi yake.

Nimeiacha amana hadi sasa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo kiini cha kutoaminiana kwetu. Nasema ile kodi ya mwezi mmoja anayoiweka mpangaji anapoingia, irudishwe anapotoka asipoacha deni wala uharibifu. Desturi iliyozuka ni kwamba mwenye nyumba huipokea na kuinunulia saruji siku hiyo hiyo. Miaka 2 baadaye mpangaji anatoa ilani, pesa hazipo, na mwenye nyumba anaanza kutafuta makosa: ukuta una doa, swichi imelegea, rangi imechujuka. Mpangaji, ambaye amekwisha kuyasikia hayo kwa waliomtangulia, anajihami mapema kwa kukataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho. "Mwalimu, kata kwenye amana," humwambia, kisha huhama usiku. Mwenye nyumba hulalamika kwamba wapangaji wa siku hizi hawana adabu, naye mpangaji hulalamika kwamba wenye nyumba ni wezi. Kwa maoni yangu kila mmoja amemfunza mwenzake, na aliyeanza ni yule aliyekuwa na pesa mkononi.

Amana si mapato. Ni mali ya mtu mwingine iliyowekwa kwako, na lugha yetu imelipa jina ambalo lingetosha kutukumbusha hilo. Mwenye vyumba 10 vya shilingi 6,000 anashika shilingi 60,000 zisizo zake, na zinastahili akaunti ya peke yake ambayo haiguswi kwa harusi wala kwa matanga. Siku ya kuingia, yeye na mpangaji wazunguke chumba pamoja, waandike hali ya kila kitu, wapige picha, watie sahihi nakala mbili. Siku ya kutoka wazunguke tena na karatasi ile ile. Uchakavu wa kawaida, kama rangi kufifia, haulipiwi na mpangaji. Kioo alichokivunja analipa. Mkataba useme pesa zitarudishwa baada ya siku ngapi. Nimeona ploti moja ambayo mwenyewe hurejesha amana kabla ya jua kuchwa siku ya kuhama, na chumba chake hakikai kitupu juma zima, maana anayeondoka humletea anayeingia.

Hilo linanileta kwenye tamaa ya kupandisha kodi. Tuseme unapandisha kutoka 6,000 hadi 6,500. Ukimpoteza mpangaji mwema kwa sababu hiyo na chumba kikakaa kitupu mwezi mmoja, umepoteza 6,000 ambazo angelipa, nayo nyongeza ya 500 mara miezi 11 inayosalia ni 5,500 tu. Umepungukiwa hata kabla ya kununua rangi, na bado hujui tabia ya anayekuja. Sisemi kodi isipandishwe kamwe, kwani bei za maji na vifaa zinapanda. Nasema ipandishwe kwa ilani ya kutosha, mara chache, na kwa sababu inayoweza kuelezwa.

Ushuru nao wengi huukimbia kwa kutojua. Mwenye kodi ya nyumba za kuishi inayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka lakini isiyozidi milioni 15 anatakiwa kulipa ile asilimia 7.5 ya kodi aliyoipokea, kabla ya kutoa gharama yoyote, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Shilingi 288,000 ni 24,000 kwa mwezi, kwa hivyo vyumba vinne vya 6,000, vikijaa mwaka mzima, vinaufikia mpaka bila kuupita. Cha tano kinakuvusha. Kwa kuwa ushuru huu hautazami gharama, aliye na riba kubwa ya mkopo anaweza kumwandikia kamishna akiomba atozwe kwa utaratibu wa kawaida wa faida halisi. Apige hesabu kwanza pamoja na mhasibu, maana faida hiyo itajumlishwa na mshahara wake. Lakini hapana hesabu inayowezekana bila kumbukumbu. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la ploti si simu ambayo ndani yake kodi ya chumba nambari 7, pesa za chama na mchango wa mazishi zimechanganyika. Nambari ya kupokelea kodi iwe ya kodi tu, na mke au mume, au mtoto mkubwa, ajue mahali kumbukumbu zilipo.

Wako wanaoniuliza kama mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, ambao kila mwenye mshahara anauchangia kwa asilimia 1.5, utawafukarisha wenye ploti ndogo. Sioni hivyo kwa sasa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hatafuti nyumba ya kununua kwa miaka mingi. Anatafuta chumba cha miezi 4 kilicho karibu na darasa. Wanaopaswa kuwa na wasiwasi ni wale wanaopangisha nyumba za vyumba viwili au vitatu kwa familia katika miji ambamo majengo hayo yanainuka, na hao wangefanya vyema kutengeneza walizo nazo kabla ya kukopa ili kuongeza nyingine.

Kwako mwanafunzi unayehamia chumba kipya muhula huu, usilipe chochote kabla hujafungua bomba, ukajaribu soketi na kuulia dari wakati wa mvua au siku inayofuatia. Dai risiti yenye tarehe, nambari ya chumba na maneno "kodi" na "amana" yakiwa yametenganishwa, kwani pesa zilizotumwa kwa simu bila maelezo huja kubishaniwa. Uliza ni nani mwenye ufunguo mwingine wa mlango wako. Ikiwa hapana anayejua ni wangapi walio nao, omba kitasa kibadilishwe siku hiyo hiyo, na mkubaliane kwa maandishi ni nani anayekilipia.